Mwalimu Asiyerudia Neno

Kabla ya kuingia nyumba ya mtu, Mwalimu alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni na kufumba macho. Alikuwa mwalimu wa shule na vilevile mwinjilisti wa usharika wetu pale Ijumbi, kwa hiyo wasiomjua walivua kofia wakidhani anaiombea nyumba baraka. Wapi! Alikuwa ananusa na kusikiliza. Akimaliza alifumbua macho na kutoa hukumu yake, na mara nyingi hukumu hiyo haikumfurahisha mwenye nyumba. "Humu mgeni amekalishwa mahali ambapo hamsikii anayemsemesha," alisema, hata salamu hazijaisha. Mimi nilikuwa bibi harusi niliyeletwa juzijuzi kutoka Kanazi, bado natembea nimeinamisha kichwa, alipokuja kutuamkia. Alisimama, akafumba macho, kisha akamwambia mume wangu, "Mkeo anapikia karibu mno na kitanda. Mtakohoa mpaka uzee." Akaenda zake. Nilimchukia siku hiyohiyo. Baadaye ikaja miaka niliyomheshimu sana, halafu nikarudi nilikoanzia.

Ukoo wake na alikozaliwa siandiki. Wapo wa kuyasema hayo, na watayasema kwa majivuno. Mimi nilikuwa jirani yake, kibanja chetu kikipakana na chake, migomba yao ikiegemea kwetu na yetu kwao. Ninachokijua ni kile ambacho jirani anakijua: mtu anavyokohoa asubuhi, anavyomwita mkewe, na anavyonyamaza akishindwa maneno.

Alikuwa mfupi, msafi kupita kiasi, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake. Viatu vya ngozi alikuwa navyo, lakini alivibeba mkononi mpaka karibu na kanisa, akavivaa pale, akavivua tena akifika nyumbani kwake. Kuingia na viatu ndani ya nyumba yake lilikuwa kosa kubwa. Alisema kwamba ndani ya nyumba mtu hutazama kwa nyayo, na mwenye viatu amejifunga kitambaa machoni. Wazee wa usharika walicheka, lakini walivua.

Neno lake lililojulikana kuliko yote lilikuwa "Sirudii." Darasani alisema jambo mara moja, basi. Aliyesikia amesikia, na ambaye hakusikia alichapwa, kisha akamuuliza jirani yake. Siku moja alikuja Mzungu msimamizi wa shule kutoka Bukoba, akaketi nyuma ya darasa na kofia yake magotini. Katikati ya somo akanyoosha mkono kwa adabu, akasema kwa Kiswahili chake cha kupapasa kwamba sentensi ya mwisho haikumfikia, tafadhali irudiwe. Watoto waliganda. Mwalimu akaendelea kuandika ubaoni, akasema bila kugeuka, "Watoto, mwambieni Bwana nilichosema." Darasa zima likaitamka sentensi ile kwa sauti moja. Mzungu akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi zake. Habari hiyo ilienea mpaka Ngenge, na kila ilipofika ilikuwa imeongezewa chumvi.

Lakini haikuwa kiburi kitupu. Lile darasa alilisimamia mwenyewe tangu kukatwa kwa miti, na alilijenga ili neno litoshe mara moja. Kuta zilikuwa za matete, na matundu ya mwanga aliyaweka chini, karibu na sakafu, hivi kwamba mtoto akichungulia nje anaona mashina ya majani tu, haoni njia wala wapita njia. Tundu moja kubwa lilikuwa juu, upande wa kushoto, na mwanga wake ulianguka juu ya ubao. Mlango aliuweka nyuma ya watoto. Paa lilikuwa la nyasi, nene, limeshuka chini sana. Mtu akiingia humo kutoka juani alinyamaza bila kuambiwa. Niliingia mara nyingi kumpelekea maji ya kunywa, na kila mara nilijikuta nazungumza kwa kunong'ona. "Mtoto akitazama nje," alipenda kusema, "msimchape yeye, mchapeni aliyeweka dirisha." Naye aliwachapa vilevile, ingawa madirisha yake yalikuwa mazuri.

Mvua ikinyesha, na kwetu mvua hainyeshi kwa kubembeleza, alisoma na kufundisha bila kupandisha sauti. Nyasi ziliipokea mvua na kuishusha taratibu. Shule ya jirani ilikuwa imeezekwa mabati, zawadi ya Wakristo wa mbali, na mawingu yakifunguka tu mwalimu wa kule aliweka chaki chini na watoto walikaa wakitazamana mpaka iishe. Mwalimu aliwacheka sana. "Wale wanasoma kiangazi," alisema. "Masika wanalinda mabati." Nataka msomaji alishike hili. Alikuwa anajua. Hakuna mtu katika Ijumbi nzima aliyejua kama yeye bati linafanya nini sikioni mwa mtu.

Alijua kwa sababu ya mkewe.

Mkewe alikuwa kipofu. Hakuzaliwa hivyo. Macho yalianza kuziba binti zao wawili wakiwa bado wadogo, na nilipofika Ijumbi binti hao walishaolewa mbali na yeye alikuwa haoni hata jua. Hospitali ya misheni ilimtazama ikasema hakuna la kufanya. Mwingine angemweka mke huyo pembeni ya moto, akamletea msichana wa kumshika mkono, na akazoea. Mwalimu alibomoa nyumba yake akaijenga upya.

Ilikuwa nyumba ya msonge, ya nyasi tangu kilele mpaka chini, kama za wazee wetu. Kwa nje hukuona tofauti. Ukiingia ndipo unajua. Kwetu Uhayani sakafu hutandikwa nyasi. Sisi wanawake tunazikata kwenye rweya, ile nyika ya wazi nje ya vibanja, na zikichakaa tunazitupa migombani na kutandika nyingine. Mwalimu aliagiza nyasi za namna mbalimbali. Wanapokaa wageni, nyasi ngumu zenye kuchakarika. Kuelekea kitandani, laini kabisa. Karibu na moto pakaachwa udongo mtupu uliosiribwa, ili mguu ukiukuta ujue kwamba moto uko mbele. Penye mtungi wa maji akapanga mawe laini ya ziwani. Nguzo nazo zilikuwa zinasema: moja aliizungushia kamba ya mgomba, nyingine gome la mti lile la kutengenezea nguo, nyingine akaiacha na magamba yake. Juu ya njia ya kwenda kitandani alitundika mchaichai. Na nje, kwenye njia ya kuingilia, alitandaza majani makavu ya migomba, na kila mgeni aliyekuja alimpigia mwenye nyumba hodi kwa miguu yake bila kujijua.

Basi yule mama alitembea humo kama mimi ninavyotembea kwangu. Alipika. Aliosha vyombo. Alikupokea mlangoni, akakushika mkono, akakukalisha, akakuletea buni za kutafuna ndani ya kibuyu kidogo, wala hakumwaga hata moja. Alikuambia mambo yako kabla hujayasema. "Leo umebeba mtoto upande wa kushoto," aliniambia siku moja nikiwa bado njiani. "Bega la kulia linakuuma?" Lilikuwa linauma. Mwaka wangu wa kwanza pale, nilipokuwa nalia kwa ajili ya kwetu Kanazi, nilikwenda kwake kila siku mchana tukimenya ndizi pamoja, na kisu chake kilikuwa cha haraka kuliko changu. Nilimwita Mama. Alinifaa kuliko mama mkwe wangu wa kweli, na hilo lilijulikana.

Mwalimu hakumshika mkono hata siku moja mbele za watu. Nilimuuliza mama kama hilo halimwumizi. Alicheka. "Amenijengea nyumba inishike mkono," alisema. "Yeye ana aibu." Nilirudi nyumbani nikimtazama mume wangu kwa jicho baya, kwa kuwa yeye hata rafu ya kuwekea vyungu alikuwa hajanijengea.

Hiyo ndiyo miaka niliyomheshimu. Nilikuwa nikimwona mtu mkali, mwenye mdomo mchungu, anayetoka shule na kupita nyumbani kwake kwa magoti, akipapasa sakafu yote kwa viganja kuona wapi nyasi zimechoka. Akikuta pamelala, alikwenda rweya yeye mwenyewe na mundu, ingawa kukata nyasi za ndani ni kazi ya wanawake na watu walimwona.

Kisha kahawa ikapanda bei. Ilikuwa baada ya vita vya pili vya dunia, na kila aliyekuwa na mibuni michache alijiona bwana. Watu walinunua baiskeli, cherehani, saa za ukutani. Na Mhaya akipata fedha jambo la kwanza analolifikiria ni nyumba. Tena nyumba itakayoonekana na jirani, maana nyumba asiyoiona jirani ameijenga ya nini? Mabati yakaanza kung'aa huku na kule katikati ya migomba. Ukisimama juu ya kilima uliweza kuwahesabu waliofanikiwa.

Mmoja wao alikuwa karani wa kahawa kule Bukoba, kijana aliyesoma kwa Mwalimu. Alijenga Ijumbi nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, saruji chini, akaita usharika mzima kuja kuifungua kwa sala. Mwalimu aliisoma sala hiyo. Alikuwa amefumba macho mlangoni kama kawaida yake, na alipofumbua alisema kwa sauti ya kusikika, "Humu mtu anasikia visigino vyake tu." Watu wakacheka. Karani naye alicheka, halafu akajibu kwa unyenyekevu wote, kwa heshima anayopewa mkubwa, "Mwalimu waitu, wewe ndiye uliyetufundisha usafi na maendeleo. Sisi tumekutii. Wewe utatoka lini kwenye nyasi?"

Hapo watu walicheka zaidi. Na wachungaji waliotoka Bukoba, waliokuwa wamekalishwa kwenye viti vya mbele, walicheka pia, mmoja akipiga goti lake. Nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu upande wa jikoni na nikauona uso wa Mwalimu. Mtu huyu aliyeweza kumgomea Mzungu mwenye kofia alishindwa na kicheko cha mwanafunzi wake. Sisi ndivyo tulivyo. Tunastahimili njaa, tunastahimili kuchapwa, lakini kuchekwa kwa ajili ya nyumba hatuwezi.

Siku ya pili yake nilikuwa kwake, tunamenya ndizi na mama, alipoingia. Aliingia na viatu.

"Tunajenga," alisema.

"Tunajenga nini?" mkewe akauliza. Alikuwa amekisikia kiatu, kisu chake kikasimama.

"Nyumba ya matofali. Ya bati."

"Ya nani?"

"Ya nani! Yetu. Mwalimu hawezi kulala kwenye nyasi wakati wanafunzi wake wako chini ya bati."

"Baba," mama akasema polepole, "nyumba hii naiona. Hiyo nyingine sitaiona."

Mwalimu alitazama viatu vyake. Nilidhani amekwama, nikamshukuru Mungu moyoni. Kisha akasema, "Utaizoea."

"Baba, nisikilize kidogo."

"Sirudii," akasema, akatoka.

Mama akaendelea kumenya. Baada ya muda alijikata, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akauweka mkono mdomoni na kukaa hivyo. Nilimwambia kwamba wanaume husema tu, kwamba hatajenga. "Huyu akisema amesema," alinijibu.

Alijenga, na alijenga vizuri kwa macho ya watu. Fundi alitoka Bukoba. Palikuwa na sebule mbele, kisha ujia wa katikati, na vyumba viwili upande huu na viwili upande ule, milango yote sawasawa, kuta zote laini na chokaa nyeupe, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inateleza. Mama aliomba kitu kimoja: aachiwe nguzo yake ya mlangoni, ile ya kamba ya mgomba, isimamishwe popote ndani. Fundi alisema nyumba ya matofali haina nguzo ndani. Mwalimu alikuwa amesimama palepale. Nguzo hiyo ilipasuliwa ikawa kuni za kuchemshia maji ya mafundi.

Ingewezekana msonge ubaki uani, mama akautumia mchana. Wengi walifanya hivyo, wakaugeuza jiko. Mwalimu alikataa. Nyumba ya nyasi karibu na ya bati, alisema, inaonekana kama mtu aliyevaa koti na kaniki. Waliuvua msonge kwa siku moja, na nyasi zake nyeusi za moshi, pamoja na za sakafuni, zilitandazwa migombani kama mbolea. Kesho yake nilimkuta mama ameinama kati ya migomba, peke yake, ameokota konzi ya nyasi zile na kuzinusa. Alisikia nakuja. "Hapa ni penye kitanda," alisema, kisha akaenda hatua chache, akaokota nyingine. "Na hapa ni penye wageni." Niliondoka, maana sikutaka asikie ninavyolia.

Yaliyofuata yalikuwa yanajulikana tangu mwanzo na ndiyo maana yananiuma. Katika nyumba mpya mama alipoteza kila alichokuwa nacho. Milango minne inayofanana. Aliingia stoo akidhani ni chumbani, akasimama humo mpaka mtu amtoe. Saruji ilimwambia nini? Hapa baridi na kule baridi. Chokaa haina harufu ya mahali. Alianguka mara ya kwanza mvua ilipoingizwa ndani na miguu ya wageni, akaumia nyonga, na tangu hapo hakutoka kwenye kiti mpaka ashikwe. Jiko likawa la msichana wa kuajiriwa. Buni za wageni zikaletwa na msichana huyohuyo kwenye sahani ya bati.

Na alipoteza watu. Njia ya majani makavu ilikuwa imefagiliwa, na ndani ya nyumba ile miguu yote ililia namna moja, ikigonga kuta na kurudi. Siku ya kwanza niliyoingia kumtazama, nikiwa na mtoto mgongoni, nimekaribia kabisa kiti chake, aligeuza uso upande ambao sikuwepo. "Nani huyo?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama waitu."

"Ah, mwanangu. Nisamehe. Nilidhani mko wengi."

Mvua ikinyesha ilikuwa mbaya zaidi. Mtu asiyeona huishi kwa masikio, na bati liliyachukua hayo pia. Nilikuwa naye siku moja ya masika ilipoanza. Alishika mikono ya kiti, akainua kidevu, akabaki hivyo mpaka ilipokatika. Nilimgusa bega nimtulize, akaruka kwa hofu. Hakuwa amejua kama bado nipo.

Siku iliyofuata nilikwenda rweya, nikakata mzigo wa nyasi laini, nikaenda kuzitandika kwenye ile pembe ya sebule alipokuwa anakaa. Pembe moja tu. Mama aliweka nyayo zake juu ya nyasi, akazikanyagakanyaga, akacheka kwa sauti. Bado tunacheka, Mwalimu akaingia.

"Nani ameleta takataka hizi?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Jirani, hii ni saruji. Saruji haitandikwi."

"Ni hapa tu, Mwalimu waitu. Anapokaa Mama."

"Jumapili wachungaji wanakuja. Watasema nini?"

"Watasema mwenye nyumba anamjua mkewe."

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo, wala sijui nani alikuwa amewahi. Alinitazama. Kisha alikwenda nyuma ya mlango, akachukua ufagio mwenyewe, mwanamume wa umri wake, mwinjilisti, akaanza kufagia. Mama aliinua miguu juu ili apite. Aliiweka hewani kwa muda mrefu, hata ufagio ulipokwisha kuondoka, kisha akaishusha taratibu juu ya saruji. Naye Mwalimu alikusanya nyasi zote, hata zile zilizobaki kwenye pindo la nguo ya mkewe, akazitupa nje. Kama angenitukana ningeweza kusahau.

Wachungaji walikuja. Waliisifu nyumba. Walimsifu mama kwa utulivu wake, wakisema amejaliwa moyo wa upole, na wakamfanya mfano kwa wanawake wengine. Nilikuwa nyuma ya mlango na sufuria mkononi, nikatamani kuimwaga.

Nasema wazi yale ambayo majirani wengine waliyasema kwa kunong'ona: nyumba ile ndiyo iliyomuua. Kifua kilibana, homa ikapanda, na hospitali ilitoa jina la ugonjwa. Sawa. Lakini mtu aliyekuwa akizunguka, akipika, akipokea wageni na kucheka nao, aliketi kwenye kiti masika mawili akaisha. Msibani Mwalimu alisoma neno yeye mwenyewe, kwa sauti ileile isiyopanda. Watu walisema ana nguvu ya imani. Mimi nilisema nina kazi nyumbani, nikaondoka kabla ya chakula, jambo ambalo kwetu linatazamwa vibaya, na nilitaka litazamwe.

Sikumsemesha tena kwa miaka. Mume wangu alipata kazi mjini Bukoba, tukahama. Nilisikia kwamba amestaafu, kwamba darasa lake la matete limebomolewa na jipya limeezekwa bati, na kwamba mwalimu mpya analinda mabati masika kama wenziwe. Nilisikia pia kwamba anaishi peke yake, na hataki msichana wa kazi.

Siku hizo watu walikuwa wameanza kuzungumzia Uhuru kwenye kila baraza. Nilikwenda Ijumbi kuwasalimu wakwe, na nilipopita nje ya kibanja chake na kikapu changu, aliniita. "Jirani." Ningeweza kupita. Lakini alikuwa ameshakuwa mzee, kanzu yake ilikuwa na doa, na sikuwahi kuiona kanzu ile na doa. Nikakata kona.

Nilikanyaga njia nikasikia majani makavu ya migomba yakivunjika chini ya miguu yangu. Nikasimama. Nikavua viatu, nikapanda hadi mlangoni, na hapo, sijui kwa nini, nilifumba macho. Ilinijia harufu ya mchaichai. Nilipofumbua niliona saruji yote imetandikwa nyasi mbichi, ngumu mbele, laini kuelekea vyumbani. Kwenye fremu ya mlango wa chumba kimoja alikuwa amezungushia kamba ya mgomba, kwenye mwingine gome la mti. Vyote alivyokuwa amemwondolea mkewe vilikuwepo. Mtu wa kuvitumia ndiye hakuwepo. Nilikasirika upya kuliko siku ya mazishi.

Alinikalisha kwenye kile kiti. Yeye akaketi chini kwenye nyasi. Tulipeana habari za watoto, za kahawa, za Bukoba. Kisha mvua ikaja kwa ghafla kutoka ziwani, na bati likaanza kunguruma.

Hapo ndipo alipoanza kusema. Niliiona midomo yake ikienda. Aliuonyesha mlango, aliuonyesha ujia, aliweka kiganja chake kwenye sakafu mbele ya miguu yangu, kwenye ile pembe niliyokuwa nimeitandika nyasi. Mara moja alijifuta uso kwa mkono wa kanzu. Alisema kwa muda mrefu sana, na mimi sikusikia hata neno moja. Sikusogeza kiti karibu, wala sikumwashiria angoje.

Mvua ikakatika kama ilivyoanza. Matone yalibaki yakianguka pembezoni. Mwalimu alikuwa akinitazama kwa namna ya mtu anayengoja jibu.

"Hayo, Mwalimu waitu," nikamwambia, "ungemwambia yeye."

"Nilimwambia," akasema. "Alipokuwa kitandani, kabla hajazidiwa. Nilikaa karibu naye nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe. Mvua ilikuwa inanyesha hivihivi."

"Akajibu nini?"

"Alisema, 'Nani huyo?'"

Nje msichana wa jirani alikuwa anamwita mbuzi. Nilimtazama mzee yule, na kwa mara ya kwanza niliogopa swali nililotaka kuuliza. Nikauliza.

"Na mvua ilipoisha, ulirudia?"

Mwalimu alitazama nyasi zilizokuwa mbele yake. Alizisogeza kidogo kwa kidole cha mguu, akazirudisha mahali pake. Nikachukua kikapu changu nikaenda kwa wakwe.